Shemeji Asiyeitika

Shemeji yangu ana tabia moja inayonichemsha damu mpaka leo: ukimwita, haitiki. Si kwamba hasikii. Masikio yake ni mazima kuliko yangu. Dada yangu anaweza kusimama jikoni akamwita mpaka wali ukapoa, na yeye yuko sebuleni hapo hapo, kimya. Atainuka taratibu, atafika mlangoni, atamtazama mkewe usoni, ndipo aseme, "Naam." Wanawe, waliozaliwa hapa hapa Johannesburg na wanaosema Kiingereza na Kizulu kuliko Kiswahili, waliwahi kumshauri kwa heshima akapimwe masikio.

Mimi najua ugonjwa wake. Sote wawili ni watu wa Tanga, na huko malezi ni hayo: ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humwoni, usiitike. Wengine hufundishwa wangoje mwito wa tatu, kwa kuwa hao wasiotajwa hawafiki mara tatu. Bibi aliyemlea shemeji alikaza zaidi. Kwake yeye, mpaka uone uso. Alimwambia kwamba hao wengine wanalijua jina lako na la mama yako, na wanaweza kuazima sauti ya mtu unayempenda. Ukiitika tu, umeshajitoa.

Nami nililelewa hivyo hivyo, lakini malezi hayo yalinitoka. Nauza vifuniko vya simu katikati ya mji, kwenye jengo lenye kanisa ghorofa ya juu na maduka ya jumla chini, na mteja ukingoja akuite mara tatu ameshahamia kwa jirani. Nilikuwa nikimcheka shemeji waziwazi. Nilimwambia kwamba jini wa Tanga akija Johannesburg ataibiwa viatu kabla hajajua jina la mtu.

Baiskeli ndiyo iliyotupeleka huko tulikokwenda. Mtaani kwetu Turffontein alikaa Mwingereza mmoja, mwalimu, aliyekuwa akirudi kwao kwenye mji mdogo wa pwani, na alikuwa na baiskeli ya milimani yenye matairi mapana ambayo hakutaka kuisafirisha. Siku ya kuniuzia alinionyesha picha kwenye simu. Njia nyembamba juu ya genge, upande mmoja majani, upande wa pili hakuna kitu, na chini bahari ya kijivu. Alisema huko kwao wanapanda hata mvua ikinyesha, kisha wanakaa ndani ya gari wakiwa wametota na kunywa chai. Nilimwona mwendawazimu. Haikupita muda nikawa mwendawazimu mwenyewe, kila Jumapili alfajiri niko barabarani na kofia ngumu kichwani, mtu mzima na kitambi changu.

Aliyenifundisha ni mwanamke tunayemwita kapteni. Ni mwenyeji wa hapa, ila alizaliwa Morogoro baba yake akiwa uhamishoni enzi za ubaguzi, mama Mluguru na baba mtu wa Soweto. Waliporudi huku alikuwa bado msichana mdogo, kwa hiyo Kiswahili chake kimebaki cha mtoto, na Kizulu kimekitia viraka. Kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari, na nadhani huko ndiko alikopata ile sauti tulivu ya mtu aliyekwisha kuviona vifo vyote vinavyowezekana.

Shemeji aliingia kwa sababu ya sukari. Daktari alimwambia atembee, naye akasema kutembea bila kuwa na safari ni upuuzi, afadhali baiskeli. Tukamtafutia moja kuukuu lakini nzima. Alikataa kuvua kofia yake ya darizi, akavaa ile ngumu juu yake, nikamwambia anafanana na sufuria iliyofunikwa mara mbili. Hakucheka. Alikuwa anasoma dua ya safari, ambayo aliirudia kila tulipofika chini ya mwinuko.

Njia yetu iliuacha uwanja wa mbio za farasi nyuma na kuingia kwenye vilima vya mchanga wa migodi. Vilima vile si vya Mungu. Ni mchanga uliotolewa chini ya ardhi, ukasagwa, ukanyang'anywa dhahabu yake na kumwagwa juu, kizazi baada ya kizazi, mpaka ukawa milima. Rangi yake ni njano iliyopauka. Hapaoti kitu ila nyasi za kulazimishwa, na mikaratusi pembezoni. Kwa baiskeli ni pazuri ajabu, hilo sitalikana. Kuna miteremko migumu iliyoshikana kama sakafu ya saruji, na mifereji iliyochimbwa na mvua ambayo ukiingia vizuri inakurusha upande wa pili.

Lakini sikuwahi kupazoea. Kilichonisumbua tangu siku ya kwanza ni sauti. Mchanga ule unaimeza. Mtu aliye mbele yako kidogo tu anapiga kengele, nawe unaisikia kama imefungiwa sandukuni. Halafu siku nyingine ni kinyume chake: maneno ya watu usiowaona yanakufikia sikioni kabisa, na ukigeuka ni mchanga mtupu.

Siku moja nilipata pancha. Nilikuwa nimepiga magoti nabandika kiraka, kiganja cha mkono mmoja kimeegemea chini, nikahisi kitu kinagonga. Kilikuwa chini ya mkono wangu. Kikagonga, kikatulia, kikagonga tena, kwa mpangilio, kama mtu anayetwanga bila haraka. Niliondoa mkono kana kwamba nimeshika jiko. Shemeji naye alikuwa amesikia, maana alishapanda baiskeli yake.

Kapteni hata hakushuka kwenye siti. "Ni watu," alisema. "Zama zama. Wanachimba kwa kuiba. Chini hapa kote ni tupu, mpaka town. Wako kazini tu."

"Na wanaingilia wapi?"

"Kwa mashimo ya zamani. Yamefunikwa na zege, lakini wanavunja. Ndiyo maana nasema mfuate tairi yangu. Mkiona waya umekatwa, msisogee."

Shemeji hakuridhika na habari ya watu. Njia nzima ya kurudi alininong'oneza kwamba ardhi haiwezi kutobolewa kiasi kile ikabaki bila wenyewe. Nilimwambia wenyewe ni hao zama zama. Akasema, "Hao ni wapangaji, shem."

Jumapili ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Agosti, mwezi ambao hapa upepo hauna adabu. Tulipotoka nyumbani palikuwa shwari, baridi kavu inayopasua midomo. Tulipofika katikati ya vilima upepo ukainuka ghafla na kile kilima kikubwa kikaanza kutoa moshi kileleni. Haukuwa moshi, ulikuwa mchanga. Kapteni alitazama mara moja tu akatupigia kelele tushuke upande wa mikaratusi, yeye mbele, mimi katikati, shemeji nyuma.

Vumbi lilitufikia kabla hatujamaliza mteremko. Sijui niliweke vipi. Palikuwa asubuhi na pakawa hapana wakati. Jua likabaki kama kiini cha yai la kuchemsha, halafu nalo likaondoka. Nilikuwa naliona gurudumu langu la mbele na si zaidi ya hapo, na mdomoni nikawa natafuna chuma. Nilishuka, nikaikokota baiskeli kwa kufuata mteremko tu, mpaka nikaugonga mti. Kapteni alikuwa pale, amejifunika uso kwa skafu.

Tukangoja. Shemeji hakutokea.

Tulimwita. Kapteni ana sauti ya kumsimamisha mwanafunzi aliyekanyaga mafuta badala ya breki, na mimi ni mfanyabiashara wa mtaani, koo langu ni mtaji. Tuliliita jina lake mpaka likaanza kunisikikia vibaya, kama neno la lugha nisiyoijua. Sauti zilitoka mdomoni na kufa hapo hapo. Tukapanda kidogo, tukaita. Tukahama upande, tukaita. Simu yake haikupatikana.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nilimwona dada yangu amesimama mlangoni akingoja baiskeli mbili na kuona moja. Hasira nazo zikanipanda, maana hofu yangu huwa haikai peke yake, na nikamtukana shemeji kwa sauti, nikamwambia kama ni mzaha aache, kama amekufa aseme.

Ndipo nikasikia nilichokisema. Aseme. Mtu yule, mahali kama pale, aitwe kwa jina lake na sauti isiyo na uso?

"Kapteni," nikasema, "anatusikia."

"Nini?"

"Huenda yuko hapa karibu na anatusikia. Ila hawezi kuitika. Hawezi kwa sababu tunamwita."

Alisogeza uso wake karibu na wangu ili anione vizuri. "Unaniambia mtu ameanguka, anasikia tunamtafuta, na ananyamaza?"

"Ndiyo."

"Hayi," alisema. Halafu akasema, "Sasa tufanye nini?"

Kwetu inajulikana kwamba hao wengine wanaweza kuazima sauti, wanaweza kuazima hata sura, lakini kuna aya moja hawaifikishi mwisho. Nikaanza kuisoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya juu, nikitembea polepole ndani ya vumbi, nikigeuka huku na huku. Kapteni ni mtu wa kanisa, lakini alishika mkoba wangu wa mgongoni tusipoteane na akanifuata. Nilisoma nikamaliza, nikaanza tena. Mchanga ulikuwa unaniingia kooni. Mara ya tatu nikakwama. Aya ninayoisoma kila nikitaka kulala, ulimi ukateleza ukaruka kipande kizima.

"Umeruka," ikasema sauti, chini yangu kidogo, upande wa kushoto. "Rudia vizuri."

Sijawahi kufurahia kukosolewa kama siku ile.

Alikuwa ndani ya mfereji mkavu, karibu kiasi kwamba tungeendelea kutembea tungemkanyaga. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti. Baiskeli ilikuwa juu yake, na mgongo wake umeegemea kipande cha zege kilichovunjika. Nyuma ya zege hilo palikuwa peusi. Mkono mmoja wa fulana yake ulikuwa umelowa mate na kutoboka, na sikuelewa ni kwa nini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la bibi yake, na guu likavunjika vilevile.

Nilitaka kumgombeza, hakunipa nafasi. Alinishika mkono, akanivuta, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Twendeni. Kuna mmoja ameniita kabla yenu."

Tulimfunga mguu kwa pampu na skafu ya kapteni, tukambeba mpaka barabarani, na yeye alilia kwa maumivu lakini hakutaka tupumzike mpaka vilima vilipokuwa nyuma yetu. Jioni ile alikuwa wodini, mguu umenyooshwa, na watu wa nyumbani wamejaa wakati wa kuona wagonjwa: dada yangu, majirani, watu wa msikitini kwetu. Hapo ndipo aliposimulia.

Alisema ameanguka, amepiga kelele, na kabla vumbi halijamtulia usoni ikamjia sauti. Haikutoka mbele wala nyuma. Ilitoka chini, nyuma ya zege, kama mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi. Ilimwita, ikanyamaza, ikamwita tena. Ilikuja kwa Kiswahili. Ilisema ina kiu. Alipohisi kwamba mdomo wake unataka kuitika wenyewe, akaushika mkono wa fulana akauma, akauma mpaka meno yakakutana. Sauti iliendelea kwa muda mrefu. Mwishowe ikawa inalia. Ndipo tukaja sisi na kuanza kuita, na ile ikakatika kama imezimwa.

"Ikalia vipi?" dada aliuliza.

"Kama mtu," alisema.

Wageni walimpongeza. Kila mmoja alikuwa na kisa chake. Mmoja alimtaja binamu aliyeitikia kisimani huko Pangani na tangu hapo hajijui. Mwingine alisema migodi ya hapa imekula watu wengi mno, na hao hawakusomewa, unategemea nini? Dada akamshukuru Mungu na kumshukuru marehemu bibi wa mume wake. Na mimi, mjuaji, niliyekuwa nikiwacheka wote, nywele zilinisimama mikononi. Niliamini kabisa. Niliporudi nyumbani niliwasha taa za vyumba vyote na sikujali umeme.

Kesho yake asubuhi sikufungua duka. Nilikuwa uani nasugua baiskeli, maana mchanga ule ukikaa kwenye mnyororo unautafuna, na maji yaliyokuwa yakitoka yalikuwa ya njano na hayakuwa tayari kuwa meupe. Dada alipita na kikapu cha chakula cha hospitali, akanisimamia. Uso wake ulikuwa umerudi kwenye hali yake.

"Shemejio kanipigia sasa hivi kwa simu ya mgonjwa wa jirani," alisema. "Ameanza mizaha, kwa hiyo atapona. Anasema hata majini ya huku yameshakuwa ya Joburg. Eti lilisema eish."

"Lilisema nini?"

"Eish. Si ndivyo mnavyoguna nyote huku?"

Alikuwa anacheka. Mimi niliendelea kuisugua ile spoki moja kwa muda, kisha nikaiweka brashi chini. Nikamwomba ile namba.

Simu shemeji huwa anapokea, ila hasemi kitu mpaka wewe uanze.

"Shem," nikasema, "ni mimi. Lile lililokuita lilisemaje? Neno kwa neno."

"Tusiyarudie hayo."

"Yarudie."

Akavuta pumzi. "Lilisema, eish, ndugu, uko na maji? Niko na kiu, ndugu. Kile Kiswahili cha Kongo."

"Ulipoanguka ulipiga kelele gani?"

"Mguu umevunjika, shem. Nilisema mama yangu nakufa."

"Kwa Kiswahili."

"Ulitaka niseme kwa Kizulu?"

"Na baada ya hapo ndipo likaanza. Kwa Kiswahili. Jina lako lililitaja?"

Nikasikia toroli la chai likipita wodini na vikombe vikigongana.

"Sisi tulikuita jina mpaka koo zikakauka," nikasema. "Na hao wengine wanalijua jina, wewe ndiye unayesema kila siku. Hiyo ndiyo hatari yao. Huyu alilijua?"

"Hapana," alisema. "Aliniita ndugu tu. Muda wote aliniita ndugu." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Shem, nenda. Nenda sasa hivi."

Kapteni alikuja na gari lake la kufundishia, lenye herufi L juu ya paa, amewaacha wanafunzi wake wa siku hiyo. Alikuwa ameshawapigia simu watu wa uokoaji na walinzi wa eneo lile, na wote walisema wamesikia, kauli ambayo hapa haina maana moja. Tukatia nyuma kamba na madumu ya maji. Njiani nilimweleza yote: wodi, wageni, binamu wa kisimani. Alinijibu tulipokwisha kuvuka roboti ya mwisho, yaani taa za barabarani.

"Kwa hiyo mlikaa pale jana," alisema, "watu wazima, mkakubaliana."

"Ndiyo."

"Na yeye yuko chini usiku mzima."

Nilitazama nje. Niliona aibu, na chini ya aibu bado palikuwa na ile hofu, haikuwa imeondoka hata kidogo. Sasa nilikuwa naogopa vitu viwili, kwamba nitakuta mtu na kwamba sitakuta mtu.

Upepo ulikuwa umekufa. Sijawahi kuviona vile vilima vikiwa vitulivu namna ile, anga ya bluu imewekwa juu yake bila mkunjo. Alama zetu zote zilikuwa zimefutwa, kana kwamba hatukuwahi kupita. Tulihangaika mpaka kapteni alipouona waya uliokatwa, na mfereji, na kitambaa cha skafu yake kilichochanika. Kile kipande cha zege kilikuwa pale. Nyuma yake palikuwa na tundu, upana wake kama mlango wa choo, na kutoka ndani ulikuwa unapanda ubaridi wenye harufu ya chuma kilicholowa. Ulikuwa unapanda na kutulia, unapanda na kutulia. Kapteni alisema ni hewa ya migodi, huwa inafanya hivyo. Sote wawili tulilala kifudifudi tukatambaa mpaka ukingoni.

Kapteni aliita kwa Kizulu. Akaita kwa Kiingereza. Akasema sisi si polisi wala walinzi. Giza la mle lilikaa kama lilivyo. Nikaita mimi, "Ndugu!" na sauti yangu ikashuka, ikageuka huko chini, ikarudi ikiwa ya mtu mwingine.

Hakuna.

"Amekufa," nikasema.

"Au amejificha. Wanaogopa. Jana si tulikuja tunapiga kelele, akanyamaza?"

Nikaita tena, ndugu, ndugu, nikasikia jinsi neno hilo linavyosikika likianguka ndani ya shimo. Nikajaribu kujiweka kule chini. Ni gizani, sijui ni tangu lini, na sikio langu limeshaanza kusikia maji yasiyokuwepo na watu wasiokuwepo. Juu kuna tundu la mwanga. Kwenye mwanga kuna kichwa cheusi kisicho na uso, na kichwa hicho kinaniita kwa lugha ya kwetu, kwa upole, kinataka niitike. Jana nilimwomba mtu maji kwa ulimi huu huu, hakuitika, kumbe hakuwa mtu.

Mimi nisingeitika. Na mimi ni yule aliyeyaacha hayo zamani.

Kwa hiyo niliacha kuita. Nililaza shavu langu juu ya zege nikaanza kujieleza tu. Nilisema jina langu, na la baba yangu, na la babu. Nilisema kwetu ni Tanga, nyumba yetu iko karibu na reli, na treni ikipita vikombe vyetu hutetemeka kabatini. Nilisema ninakaa Turffontein, nauza vifuniko vya simu, mke wangu ananidai nirekebishe bomba la jikoni. Nilisema yule aliyeanguka jana ni mume wa dada yangu, amevunjika mguu, yuko hospitali, na kwamba alikusikia, alikusikia kila neno, lakini alilelewa vibaya au vizuri, sijui, na aliogopa. Nilisema hata sasa mimi mwenyewe naogopa. Nilisema zege hili ni baridi. Niliongea mambo ya kipuuzi ambayo hakuna kiumbe anayetaka kukudhuru angehangaika kuyabuni. Kapteni aliniwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo.

Niliponyamaza ule ubaridi ulipanda, ukatulia. Ukapanda tena. Kisha kutoka chini, upande ambao sikuutazamia, ikaja sauti kavu, nyembamba, ya kitu kilicholia mpaka kikachoka.

"Uko mutu?" iliuliza.

Nilimwambia mimi ni mtu, na nimekuja na maji.